Kabla ya Kununua Mche, Uliza Kwao ni Wapi

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya nyanda za juu

Tumeombwa tuseme machache juu ya mimea ya kigeni katika sehemu zetu hizi za baridi. Ombi lenyewe limetoka kwa vikundi vitatu tofauti, na kila kimoja kilikuwa na swali lake. Kimoja kinataka kupanda maparachichi. Kingine kimesikia kwamba matofaa yana soko. Na vijana wa kikundi cha tatu wanataka kuotesha mitende ya mapambo ili wauzie mahoteli na mashule. Tukaona afadhali tujibu wote pamoja, kwa maana ukichunguza vizuri, swali ni moja tu: je, mmea huu utaishi kwetu?

Siku hizi haupiti mwezi kabla hujaona pikapu imesimama sokoni na miche imepangwa nyuma. Muuzaji ni mtu wa maneno matamu. Mche wowote utakaomuuliza, jibu ni lile lile: "Huu unakubali kila mahali." Sasa wacha tuseme mche mmoja ni shilingi 150 na kikundi kimeamua kununua miche 200. Hizo ni shilingi 30,000. Kwa kikundi cha akina mama ishirini wanaochanga kidogo kidogo kila wiki, hiyo ni kazi ya miezi mingi, na ndani yake mna karo ya mtoto wa mtu. Kuna kikundi tunachokijua kilichopanda maparachichi kwenye bonde zuri, udongo mweusi, maji karibu. Miche ilishika, ikachanua majani, watu wakafurahi. Ikaja wiki moja ya Januari. Asubuhi ya tatu miche ilikuwa kama imemwagiwa maji ya moto. Muuzaji hakuonekana tena soko lile.

Hapakuwa na kosa katika mashimo, mbolea wala bidii. Jambo lililowaangusha ni kwamba hakuna aliyewaambia ya kwamba baridi si moja.

Sisi wote tunajua kwamba ukipanda mlima kuna baridi. Kwa kadiri, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua digrii 6 hivi. Mombasa, pale baharini, wastani wa joto ni kama digrii 26. Kinangop iko juu ya mita 2,400, basi fanyeni hesabu wenyewe, mtapata digrii 11 au 12. Hiyo ndiyo baridi ya mwinuko. Iko mwaka mzima, haiendi likizo. Na si laana. Mnakumbuka pareto, ua lililosomesha watoto wengi huku juu. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, huko Ulaya kusini-mashariki. Ukiipanda mahali pa joto itaota majani mazuri tu, lakini maua hakuna, kwa sababu inahitaji usiku wa baridi ndipo ichanue. Kwa hiyo kuna mimea inayokufa kwa baridi yetu, na kuna mimea isiyoweza kuzaa bila baridi yetu.

Baridi ya pili ni ile inayoganda. Vitabu huiita jalidi, na wenyeji wa Kinangop huiita mbaa. Hapa tunaomba mtusikilize sana, kwa maana watu wengi huikosea. Ukimwuliza mtu mwezi wa baridi ni upi, atakuambia Julai. Ni kweli, Julai tunatetemeka kutwa, jua hatulioni, nguo hazikauki. Lakini Julai si mwezi unaoua miche. Lile wingu la Julai ni blanketi. Linazuia joto la ardhi lisipotee angani. Mwezi wa kuogopa ni Desemba, Januari na Februari, wakati mchana jua linachoma mpaka unavua sweta, na usiku mbingu iko wazi, nyota zinahesabika, upepo umetulia kabisa. Usiku kama huo ardhi inapoteza joto lake lote juu, na kabla ya mapambazuko nyasi zimekuwa nyeupe. Mnamo Januari 2012 jalidi iliunguza majani chai Kericho na Nandi, na hayo ni mashamba yenye wataalamu wao na miaka mingi ya ujuzi. Sembuse mche wetu wa miezi minne.

Tena hewa baridi ni nzito. Inateremka kama maji. Inatoka mlimani, inafuata mkondo, inakusanyika bondeni. Ikikuta ua mnene wa miti upande wa chini wa shamba, inajaa pale nyuma ya ua kama bwawa. Ndiyo maana shamba moja la ekari mbili linaweza kuwa na sehemu tatu tofauti: chini panaganda, katikati hapagandi, na juu kabisa penye upepo panaganda mara moja moja. Lile bonde lenye udongo mweusi, tunalolipenda sote, ndilo kitanda cha jalidi. Pandeni viazi na kabichi huko. Mti wenu wa bei uwekeni katikati ya mteremko. Na kama mna ua upande wa chini, acheni nafasi kama ya lango ili hewa ipite iende zake.

Baridi ya tatu haiko kwetu, na hiyo nayo inatutatiza kwa njia yake. Ni majira ya baridi ya nchi za mbali kama Uingereza, ambako kwa miezi kadhaa mti unalala kabisa. Unaangusha majani, unapumzika, halafu joto likirudi unaamka wote kwa pamoja na kutoa maua. Mtofaa ni mti wa namna hiyo. Aina nyingi zinataka saa mia kadhaa, nyingine hata saa 1,000, za baridi iliyo chini ya digrii 7 ndipo ziamke vizuri. Huku kwetu usiku ni baridi, lakini saa nne jua limeshapasha kila kitu joto. Mti haulali, hauamki, unasinzia tu. Unatoa ua moja leo, lingine mwezi ujao, na mwenye mti anangoja miaka.

Je, hakuna njia? Iko. Kuna aina zisizodai usingizi mrefu. Anna, iliyotokea Israeli, na Dorsett Golden, iliyotokea visiwa vya Bahama, ndizo zinazojulikana zaidi katika nchi za joto. Mzipande pamoja, kwa sababu Anna inataka chavua ya jirani. Mkinunua Anna peke yake mtakuwa mmenunua kivuli. Halafu kuna mbinu ya wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java, Indonesia. Wako karibu na ikweta kama sisi. Baada ya kuvuna wanapukuchua majani yote ya mtofaa kwa mikono. Mti unadanganyika, unafikiri umelala, na baada ya muda mfupi unachipua na kutoa maua yote kwa pamoja. Kwa njia hiyo wanavuna mara mbili kwa mwaka. Na jirani zetu wa Chencha, kusini mwa Ethiopia, walipata miche ya matofaa kutoka kwa wamisionari miaka ya 1950, na mlima wao umejulikana kwa tunda hilo. Kwa hiyo hatusemi matofaa hayawezekani. Tunasema anayewaambia kwamba ni kupanda tu na kungoja, huyo hajawahi kuvuna.

Sasa linganisheni na matunda damu. Huu nao ni mgeni, lakini mgeni wa kwao mlimani, katika milima ya Andes, Amerika Kusini. Kule hakuna majira ya kulala. Ni ubaridi wa wastani mwaka mzima, kama kwetu. Ndiyo maana ulipofika hapa ulijisikia nyumbani, na leo huhitaji muuzaji wa pikapu, kwa kuwa tunda moja lina mbegu za kutosha kitalu kizima. Baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili unachuma. (Watu wa New Zealand mwaka 1967 waliupa jina jipya, tamarillo, kwa sababu za soko tu. Jina nalo ni mtaji!) Udhaifu wake ni miwili: jalidi inauua, na mizizi yake iko juu juu, upepo ukivuma unaanguka. Basi, katikati ya mteremko, nyuma ya kitu cha kuukinga upepo, usiupalilie kwa jembe zito. Kama kikundi kina pesa kidogo na kinataka kujifunza kwanza, maoni yetu ni kuanza na huu kabla ya kingine chochote.

Tukija kwa maparachichi, hapa kuna hadithi ambayo kila mkulima anapaswa kuijua. Mparachichi umetoka Meksiko na Amerika ya Kati, na kule kuna koo tatu. Ukoo mmoja ni wa nyanda za juu za Meksiko, unaovumilia baridi. Wa pili ni wa milima ya Guatemala. Wa tatu ni wa sehemu za chini zenye joto, na huo ukiona baridi unakufa. Yote tunaita parachichi. Mwaka 1911 kijana mmoja, Carl Schmidt, alitumwa Meksiko kutoka California kutafuta vikonyo vya miti bora. Alipata mti mmoja katika mji wa Atlixco, vikonyo vyake vikapewa namba 15. Januari 1913 ikaja jalidi kali sana California na kuangamiza miche mingi. Ile ya namba 15 ikasalia hai. Wakaupa jina la Kihispania, Fuerte, yaani wenye nguvu. Ndiyo Fuerte hii hii tunayoijua, ya ngozi ya kijani, iliyopandwa Kenya miaka mingi. Imechanganya damu ya ukoo wa Meksiko na wa Guatemala.

Hass, ile inayogeuka rangi na kuwa nyeusi ikiiva, ndiyo inayopendwa na soko la ng'ambo. Lakini kwa jalidi Hass ni dhaifu kuliko Fuerte. Kwa hivyo mwenye shamba la chini kidogo, ambako jalidi haifiki, apande Hass na wala asisite. Mwenye shamba linaloganda mara moja kwa miaka kadhaa, afikirie Fuerte. Na yule ambaye shamba lake huwa jeupe kila Januari, sisi tunamwambia bila kumficha: usiweke pesa za kikundi kwenye parachichi. Panda miti miwili karibu na nyumba kwa ajili ya watoto, ile joto la ukuta linaisaidia, na pesa za kikundi zipelekwe kwingine. Tukumbuke pia kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo tunda linavyokawia kukomaa, hata mti ukiwa mzima.

Sasa ile mitende ya vijana. Tunawapongeza kwa wazo lenyewe, ingawa wazee wengine waliwacheka wakasema, nani amewahi kula mapambo? Mnazi wauacheni Pwani. Unaweza kuota ukiutunza kama mtoto, lakini kuzaa nazi huku hauzai. Hata hivyo jamii ya mnazi na mtende ni kubwa, na ndani yake mna wavumilivu wa ajabu. Mtende wa visiwa vya Canary, ule mnene wenye majani mengi unaouona kwenye bustani za mijini, hustahimili jalidi. Na kuna mtende wa China, wenye majani yaliyotanuka kama kiganja, ambao unavumilia hata theluji. Wachina hutumia nyuzi za shina lake kusokota kamba. Mkusanyaji mimea Mskoti, Robert Fortune, alipeleka miche yake Uingereza mwaka 1849, na jina lake la kisayansi limebaki ndani ya mti huo. Lakini sikieni mwisho wa mambo. Kusini mwa Uswisi mtende huo ulitoroka bustanini ukaingia msituni, ndege wakisambaza mbegu, hata mnamo Septemba 2024 serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku kuuuza. Nasi tusijione wageni wa jambo hilo. Mathenge ililetwa Baringo miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa. Mikaratusi, yaani blugamu, ililetwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za reli, na mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, akalazimika kuagiza ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Mgeni apandwe mbali na mto, tena watu wamwangalie.

Ndiyo sababu tuliwauliza vijana: mbona hamkutaja mkindu? Huu ni wa kwetu. Unapatikana Pwani na pia kando ya vijito vya nyanda za juu. Unavumilia jalidi ndogo. Unatoa machipukizi, kwa hiyo haumo katika shina moja tu. Majani yake machanga ni ukindu wa kusukia vikapu na mikeka, na mwenye hoteli anayetaka pambo haoni tofauti na ule wa ng'ambo. Na kila mwaka Jumapili ya Matawi ikikaribia tunaona watu wakihangaika kutafuta matawi, wakikata kila kinachofanana nayo. Parokia yenye mikindu yake kumi imemaliza shida hiyo.

Juu ya kukata, kuna funzo kutoka Kolombia. Kule milimani kunaota mtende wa nta, mrefu kuliko mitende yote duniani, unafika hata mita 60. Mwaka 1985 sheria iliutangaza kuwa mti wa taifa. Waumini walikuwa wakikata majani yake machanga kwa Jumapili ya Matawi, na kwa kuwa unakua polepole mno, ukaanza kupungua, pamoja na kasuku mwenye masikio ya manjano anayejenga kiota ndani ya shina lake. Kanisa la huko likaungana na wahifadhi kuwashawishi watu watumie mimea mingine. Tunalisema hili kwa sababu mtende wa aina yoyote una moyo mmoja juu ya kila shina. Ukikata majani mawili ya pembeni unaota tena. Ukikata moyo, shina lile limekwisha, hata uliloweshe maji namna gani. Jalidi nayo ikifika moyoni ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mtende mchanga, Januari, fungeni majani yake yasimame pamoja kama mtu anayekunja mwavuli, moyo uwe ndani.

Mbegu zake zataka subira. Chukueni mbegu mpya kutoka tunda lililoiva, ondoeni nyama yote, loweka siku mbili tatu mkibadilisha maji, kisha pandeni kwenye mkebe mrefu kwa sababu mzizi wa kwanza unashuka chini moja kwa moja. Miezi miwili au mitatu inaweza kupita bila kuona kitu. Msiitupe. Na vijana wajue mapema kwamba mche wa kuuzika unachukua miaka, si msimu. Katika kitalu hicho hicho wachanganye na matunda damu ili mwaka wa pili wawe na kitu mfukoni.

Tulisema tutawaonyesha jinsi ya kupima shamba bila kununua kipimo. Chukueni sahani tatu za bati zilizo sawa. Usiku ule wa nyota nyingi, bila upepo, tieni maji kidogo, muweke moja chini ya shamba, moja katikati, moja juu, zikiwa wazi juu ya udongo. Amkeni kabla ya jua. Iliyoganda itawaambia ukweli kuliko muuzaji yeyote. Rudieni mara kadhaa kati ya Desemba na Februari, na katibu aandike tarehe kwenye daftari la kikundi. Kazi hii inaweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano, na wao huipenda sana.

Kwa miche iliyokwisha pandwa, nyweshezeni udongo mchana kabla ya usiku wa hatari, kwa maana udongo wenye maji hushika joto la jua na kulitoa usiku. Na hapa tutasema jambo ambalo litawashangaza, kwa sababu sote tumefundishwa kutandaza nyasi kavu shambani. Nyasi hizo ni nzuri kwa kutunza unyevu, lakini usiku wa jalidi zinalifungia joto la ardhi lisipande kwenye majani. Miezi hiyo zisogezeni kando kidogo kuzunguka mche. Wekeni vijiti vinne, mfunike kwa gunia jioni, na asubuhi jua likitoka mlitoe. Na mche ukiungua, tafadhali msikimbilie panga. Tawi lililokauka huwa ngao ya lililo ndani. Ngojeni mpaka machipukizi mapya yaonekane, ndipo mtajua pa kukata.

La mwisho ni kwa wenye jamaa ng'ambo. Mbegu au mche usiingizwe nchini ndani ya sanduku la nguo. Kibali cha kuingiza mimea hutolewa na KEPHIS, na ni lazima kipatikane kabla mmea haujasafiri. Ugonjwa mmoja unaoletwa na mche mmoja unaweza kumaliza mashamba ya wilaya nzima. Hata kwa miche ya hapa nchini, ombeni risiti yenye jina la aina na jina la kitalu. Muuzaji akikataa kuandika, mwambieni asante, mrudi nyumbani na pesa zenu.

Vikundi vitakavyopima kwa sahani, leteni daftari kwenye mkutano wa Machi. Tutakaa na kila kikundi, tusome pamoja ni sehemu gani iliganda na ni mche gani unaofaa, kabla ya mvua ya masika.